Upele wa Sheffield wakati wa vita: je, blanketi lilisingiziwa?

Mama Wawili aliuliza:

Salaam kwenu nyote. Binti yangu yuko bwenini, na juzi shule ilituagiza wazazi tupeleke mablanketi mapya kwa sababu upele umeingia bweni zima. Yale ya zamani yalikwisha kuchomwa moto. Shemeji yangu, ambaye ni tabibu, alicheka akasema kwamba jambo hilo lilipimwa huko Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, katika kitongoji cha Fulwood kilichoko pembezoni mwa jiji la Sheffield, na blanketi likaonekana halina hatia kubwa. Ningependa kufahamu ni nani aliyepima, na kwa njia gani.

Bwana Afya Mstaafu alijibu:

Shemeji yako amesema kweli, dada. Aliyepima ni Kenneth Mellanby, mtaalamu wa wadudu, na kazi yake ilianza mwaka 1941, jiji likiwa bado na magofu ya mabomu ya Desemba 1940. Upele ulikuwa umeenea kwa raia na askari, na kila mtu aliamini kwamba unabebwa na matandiko na nguo za ndani. Kwa imani hiyo jeshi lilikuwa likipitisha mablanketi katika mashine za mvuke na joto, kazi iliyokula nishati na nguvu za watu wakati ambapo vyote viwili vilikuwa adimu.

Mellanby alikusanya vijana 12, wengi wao wakiwa wamekataa kushika silaha kwa sababu ya dhamiri, akawaweka katika jumba moja kubwa hapo Fulwood. Walilala uchi ndani ya mablanketi yaliyotoka moja kwa moja kwa askari wenye upele, bila kufuliwa, usiku baada ya usiku. Wakavaa pia nguo za ndani ambazo wagonjwa walikuwa wamezivua muda huo huo. Wiki zilipita na karibu hakuna aliyepata kitu. Walipolazwa kitanda kimoja na wagonjwa, ngozi kwa ngozi, ndipo upele ulipoanza kushika.

Sababu yake inaeleweka ukimjua mdudu mwenyewe anayeleta upele. Jike halifiki nusu milimita, hujichimbia ndani ya ngozi na kutaga humo, na hutembea vizuri mwili ukiwa na joto. Mellanby na wasaidizi wake waliwatoa wadudu hao mmoja mmoja kwa ncha ya sindano, wakawahesabu, wakakuta kwamba mgonjwa wa kawaida ana majike wazima wapatao 11 tu mwili mzima, na zaidi ya nusu wako kwenye viganja, katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono. Ikiwa mwili mzima una 11, blanketi litabeba wangapi?

Msomaji wa Usiku alijibu:

Nakubaliana na Bwana Afya, ila naomba niongeze tahadhari, kwa kuwa hadithi hii mara nyingi husimuliwa kana kwamba matandiko hayaambukizi kabisa. Kuna upele wa magamba mazito, unaowapata watu wenye kinga dhaifu, ambapo wadudu huwa maelfu kwa maelfu. Kwa mgonjwa wa namna hiyo shuka na hata kiti ni hatari. Wale vijana hawakuchangia kitanda na mgonjwa wa aina hiyo.

Mtu anaweza kusema vijana 12 ni wachache mno, lakini hapo mimi sioni dosari kubwa, kwa sababu kila mmoja alijaribiwa mara nyingi. Kinachonisumbua ni kwamba baadhi yao waliachwa na upele kwa miezi mingi bila dawa, wakijikuna usiku kucha, ili maendeleo ya ugonjwa yaandikwe. Waliridhia, ndiyo, lakini sidhani kamati ya maadili ya leo ingepitisha jambo hilo.

Mama Wawili aliandika tena:

Nashukuruni sana. Limebaki jambo moja linalonitatiza. Mdogo wake binti yangu hajikuni hata kidogo, nao walilala kitanda kimoja likizo nzima. Je, huyu naye atibiwe?

Bwana Afya Mstaafu alijibu:

Atibiwe, tena siku ile ile, na hilo nalo lilithibitika pale Fulwood. Mtu anayeambukizwa kwa mara ya kwanza hakai akijikuna tangu siku ya kwanza. Huweza kupita mwezi mzima hivi kabla mwili haujaanza kumkataa mdudu, na muda wote huo anawaambukiza wenzake bila kujua. Aliyewahi kuugua huanza kuwashwa ndani ya siku moja, na mara nyingi kucha zake humtoa mdudu mapema. Ndiyo maana Waingereza walipotoa Amri ya Upele mwaka 1941, iliyompa mganga mkuu wa eneo mamlaka ya kukagua watu na nyumba, mkazo ulihamia kwenye kuwatafuta na kuwatibu wote wanaoishi na mgonjwa.

Dawa iliyoshinda wakati ule, ikichukua nafasi ya marhamu ya kiberiti yaliyounguza ngozi, ni ile ile ya kupaka, benzyl benzoate, ambayo hapa kwetu tunaiita BBE. Hupakwa mwili mzima kuanzia shingoni hadi nyayoni, si pale panapowasha tu, na kwa mtoto hupunguzwa makali kwa maji kama mhudumu atakavyokuelekeza. Nimeona mama akimpaka mtoto vizuri kabisa, kisha akamnawisha mikono ili ale; mikono hiyo ndiyo makao makuu ya mdudu, kwa hiyo inabidi ipakwe upya kila inaponawishwa. Nguo na shuka za siku tatu za mwisho zifue kwa maji ya moto au uzianike juani. Blanketi jipya si lazima ununue.

Mama Wawili aliandika tena:

Nimelinunua tayari, Bwana Afya. Ila jioni hii nawapaka wote wawili, na baba yao pia, apende asipende.