Platini (mashine ya kupigia disiki) ya dola 3000 hapa Lubumbashi: ya kurua (mukanda) ao ya direkti (mota bila mukanda)?

mutoto_wa_kamalondo
Jambo bakubwa. Baba aliniachia katoni ine za disiki, nyingi ni 45 (zinazunguka mara 45 kwa dakika) za rumba za Kinshasa, zile za tundu kubwa katikati, alafu kuko 33 sawa makumi tatu hivi, na ma-78 kumi na moja zenye naogopa ata kuzigusa. Moja ni ya mupiga gitare Mwenda Jean Bosco, ule mwenye Hugh Tracey alirekodi kule Jadotville (Likasi ya leo) mu 1952, baba alikuwa anakataza mutu yeyote aitoshe mu karatasi yake. Miaka yote tulikuwa tunapigia 45 ku kale kavalizi ka plastiki kenye bafle ndani, na sasa naona kenyewe njo kalikula disiki, ju zile tulipenda sana njo zinalia kshhh kupita zote. Nimekusanya dola 3000 za platini, selula (kale kenye kunabeba sindano) na preampli (ya kukuza sauti ya selula), ampli na bafle niko nabyo. Ndugu yangu eko Dallas, anasema kuko platini moja ya kurua, okazioni, ya muzuri sana, dola 1400, atatuma na mutu mwenye anarudia. Mie nitafute tu transfo ya 220 kwenda 110. Muko na mawazo gani? Na niuze selula gani?

fundi_bafle
Wacha kwanza! Transfo inabadirisha volti, haibadirishe herzi. Marekani kura (umeme) yao ni ya herzi 60, yetu ni 50, na platini nyingi za kurua mota yao inafwata herzi za ukuta. Ukiichomeka hapa, 33 yako itazunguka mara 28 tu kwa dakika, na mwimbaji ataimba sawa mutu mwenye bameamusha saa tisa ya usiku. Uliza ndugu yako kama iko na kisanduku chake chenye kinatengeneza herzi yenyewe. Kama haina, aiache, ao mutafute puli (kagurudumu ka mota kenye kunavuta kurua) ya 50, na puli ya platini ya zamani kuipata ni safari.

Alafu ata ukipata ya 50, sisi hapa mangaribi mara nyingi uko ku grupu (jenereta). Kagrupu kadogo hakashike herzi: frijo ikiwaka mota inalemewa, herzi zinashuka, na sebene inashuka nazo. Niliisikia kwa shemeji yangu, gitare ikalegea sawa kamba ya kuanika nguo, batu bote bakasema disiki imepinda, kumbe ilikuwa frijo.

Ju ya ile mi nasema direkti ya kwatsi (kale kajiwe kenye kunashika mwendo, sawa mu saa ya mukono). Technics SL-1200GR. Mwendo unapimwa na kwatsi ya ndani, mambo ya ukuta haiyaulize. Iko na 33 na 45, na ukifinya zote mbili pamoja inaenda 78, kitu chenye SL-1200MK2 ya ba DJ haijue. Kichwa cha mukono, kwenye selula inafungwa, kinatoka, kwa hiyo unakuwa na vichwa bibili, kimoja cha 33 na 45, kingine cha 78. Angalia tu bandike volti 220-240.

bukavu_33
Yaya wa Lubumbashi, uliposema "niuze selula" nilishituka, nikafikiri unataka kuuzisha kitu cha baba, kumbe kwenu kuuza ni kununua 😂

Mimi nitampinga fundi kidogo. Niko na Thorens TD 160, ilitoka Brussels, ya miaka ya 70, ya kurua, imekaa juu ya ressori zake na ikipiga unasahau kama kuko mashine mu nyumba. Direkti ni ya ba DJ. Kwa kura, niliweka onduleri (inageuza kura ya batri kuwa sawa ya ukuta) ya sinusi safi na batri mbili, herzi hazicheze tena. Na selula chukua Denon DL-103, wanaitengeneza tangu miaka ya 1960, sauti ya watu inatoka na nyama yake.

fundi_bafle
Onduleri ya sinusi safi, hapo umesema kweli, na Thorens yenye ilitoka Ubelgiji iko tayari na puli ya 50. Lakini TD 160 haipige 78, na mutoto wa Kamalondo eko na kumi na moja. Kusema "direkti ni ya ba DJ" ni habari ya zamani, ile GR iko na mota isiyo na chuma ndani ya koili, haitetemeke. DL-103 ni ya muzuri, ila inatoa milivolti 0.3 tu, utalipa preampli kali zaidi, na sindano yake ikiisha hauitoe na vidole, selula yote inarudia kiwandani. Selula ya Ortofon 2M Blue inatoa milivolti 5.5, sindano inafinya disiki na uzito wa gramu 1.8, sindano inachomoka na mugeni anakuletea mu mufuko wa shati.

kura_iko_wapi
dola 3000 ju ya kusikiliza kshhh ya beyi kali. mi niko na simu na bafle ya bluetooth, kura ikienda muziki inaendelea

mama_disiki_katuba
Wewe wa simu tuachie kwetu.

Mutoto wangu, sikia hii mbele ya kulipa ata kitu. 78 za zamani si vinili, ni shellac, na alkoli inaiyeyusha. Nilisafisha moja na ile ya famasi, ikabaki nyeupe sawa imepakwa ugali, na ilikuwa ya mukwe wangu. Maji ya distile tu, kitambara laini, usiloweshe karatasi ya katikati. Na usiweke sindano ya 33 mu 78! Mufereji wa 78 ni mupana mara tatu ivi, sindano ndogo inatambaa chini kwenye buchafu. Ya 45 na 33, alkoli kidogo mu maji haina shida. Hapa kuanzia mwezi wa tano vumbi nyekundu inaingia ata mu dirisha yenye imefungwa, funika platini kila saa. Kama makamyo ya Kasumbalesa yanapita karibu na kwenu, yanatetemesha, weka platini ku etajere ya ukuta, hapana chini.

mutoto_wa_kamalondo
Aksanti sana mama, aksanti bakubwa bote. Ndugu yangu amepiga foto ya chini ya ile platini, imeandikwa 120V 60Hz, nimemwambia aiache, amekasirika kidogo ju alikuwa ameisha kutoa avansi. Natafuta ile GR kupitia Afrika ya Kusini, na 2M Blue, na kichwa cha pili cha 78. Yaya wa Bukavu, onduleri yako ni ya wati ngapi? Maana frijo siwezi kuizima, mama anauzisha maji ya baridi.