Impreza ya otokrosi kwenye murramu, niishushe mpaka wapi?

gc8_ntinda
Wakubwa habari zenu. Nina Subaru Impreza GC8 nimeifunga koilova (springi na shokabu za kurekebisha urefu), nataka nianze otokrosi, zile mbio za magari kwenye uwanja wa murramu, mwaka huu. Nimeishusha mpaka kati ya tairi na fenda vinaingia vidole viwili tu, inapendeza kweli, lakini kwenye kona mbele inakataa kuingia inateleza tu kwenda nje, na nikipita kwenye mifereji naskia DHU chini. Kabla sijashusha ilikuwa inaingia vizuri. Fundi mmoja pale Kisekka anasema nishushe zaidi ndo itashika. Ni kweli?

fundi_wa_vumbi
Hapana kaka, usishushe tena hata kidogo!! Hiyo dhu ni shokabu inafika mwisho inagonga ile raba yake, na ikigonga hapo springi ni kama haipo, uzito unaangukia tairi ya mbele ya nje kwa ghafla nayo inaachia. Murramu si lami, magari kumi yakishapita mifereji inazidi kuwa mirefu, sasa shokabu isipokuwa na nafasi ya kwenda juu na chini utaendeshaje? Ingia chini gari ikiwa imesimama kwa tairi zake, angalia loa amu, ule mkono wa chini unaoshika tairi. Upande wa boljointi, yaani wa kwenye tairi, usiwe juu kuliko upande wa ndani. Ukiwa juu ushapita kiasi, na gari italala kwenye kona kuliko mwanzo.

gc8_ntinda
Banange, ilale zaidi na iko chini?

fundi_wa_vumbi
Ndiyo, kwa hizi struti (shokabu na springi pamoja) za GC8. Bodi inalala kwa kuzunguka pointi fulani, na ukishusha gari ile pointi inashuka haraka kuliko uzito wenyewe, kwa hiyo uzito unapata mkono mrefu zaidi wa kuivuta bodi. Wengi hawaamini mpaka wapandishe waone.

mzee_wa_jeki
Mwanangu na vidole havipimi. Pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, presha iwe sawa, sakafu tambarare, tanki nusu, na wewe mwenyewe ukae kwenye usukani mwenzako apime, maana huku dereva anakaa kulia na uzito wako unabadilisha vipimo. Ukishatoa jeki usipime hapohapo, tairi zinakuwa zimejibana, sukuma gari mbele na nyuma kwanza. Pandisha milimita 20 kote, usizungushe koilova ya kona moja ya gari peke yake, ni kama meza yenye mguu mmoja mrefu, uzito unaenda kwenye mguu huo na ule wa mshazari wake. Halafu alaimenti, lazima, urefu ukibadilika na tairi zinabadilika zinavyoangalia. Funga pia tai ya plastiki kwenye fimbo ya shokabu, isukume mpaka kwenye sili, pale fimbo inapoingilia, piga raundi moja ukali wako wote, uone imesukumwa mpaka wapi. Ikifika kwenye raba bado uko chini.

gc8_ntinda
Asante sana wazee wangu. Nimechungulia leo, boljointi kweli zilikuwa zimepanda juu, pande zote mbili. Nimepandisha 25, kesho alaimenti, Jumamosi narudi uwanjani na tai zangu nne.