Tupeane uzoefu: ni nini ilikusotesha, na ulitokaje?

Mama Shiko, Kayole
Habari zenu. Jana kwa matatu kuna mzee alikuwa anapiga stori eti umaskini wa watu wa Nairobi ni uvivu tu, na watu wakaitikia kwa kichwa. Mimi nilinyamaza lakini ikanikaa rohoni mpaka nikafika kwangu, kwa sababu nimeamka saa kumi za usiku miaka kumi na moja, na ile saba ya kwanza sikuwa na kitu. Kila mtu aseme chenye kilimrudisha chini na vile alitoka. Kama hujatoka pia sema.

Naanza. Mimi nilimalizwa na makaa. Msicheke. Kila jioni nilikuwa nanunua mkebe wa 80 kwa jirani, mafuta ya kupima ya 20, unga ya kupima, maji jerikeni kwa jerikeni. Siku moja mtoto anafanya hesabu ya shule nikamwambia hebu piga 80 mara 30. Akasema mama ni 2,400. Nikakaa chini. Mwenye tulikuwa tunapakana alikuwa na gesi ya kilo 6, anajaza kwa kama 1,300 na inamtoa karibu mwezi, na watoto wake ni wawili kama wangu. Lakini sikuwa mjinga, kuanza na gesi ilikuwa inataka karibu elfu nne kwa mpigo na mimi sijawahi kushika elfu nne yenye haina mwenyewe. Hiyo 80 naipata kila siku, hiyo 4,000 siipati hata siku moja, basi nakaa nikinunua kitu ya bei ghali kwa sababu sina pesa. Ilinitoa mzunguko wa wamama kumi, mia nne kwa wiki kila mtu, zamu yangu ikawa ya saba na sikupita hata sokoni, nilienda nayo moja kwa moja kwa duka la gesi nikiwa nimeifunga kwa leso.

Mtu wa Mkono
Mama Shiko umenigusa. Mimi ni wa mjengo, Ruaka, Kilimani, Syokimau, kote nimebeba mawe. Kwangu ilikuwa mikopo ya simu. Ilianza na mvua ya Aprili, kazi ikasimama wiki tatu na landilodi hajui mvua. Nikakopa elfu mbili mahali, ya kulipa hiyo nikakopa kwingine, ikafika mikopo minne, na yote ni ya kulipana tu yenyewe kwa yenyewe, hakuna hata moja ilinunua unga. Wenye mikopo wakampigia nyapara wangu. Wakampigia mama mkwe! Hii ilikuwa kabla Benki Kuu ilete zile kanuni za 2022 za kuzuia hiyo tabia ya kusumbua watu wenye wako kwa simu yako. Mama mkwe hakuniuliza kitu, lakini mpaka leo nikienda kwao naketi karibu na mlango.

Nilitokaje, nilinunua kitabu ya 20 nikaandika madeni yote, nikaanza na ile ndogo kabisa. Bibi akakaa na laini yangu miezi minne.

Baba Junior
Wengine hatuna mvua ya kulaumu. Mimi nilibeti. Karo ya kijana ya muhula wa pili ililala kwa jakpoti, timu kumi na tatu zikaingia na sijui kwa nini bado nawaambia hiyo namba. Sijatoka. Nalipa shule mia tano mia tano.

Fundi wa Kamukunji
Mimi nitaandika refu mnisamehe. Nilikuwa nimesimama darasa la pili, tunaokota vyuma Dandora na ndugu yangu. 2003 Kibaki akafanya primari ikawa bure nikarudi nikiwa na miaka 11, mguu mrefu kuliko dawati. Nikafika fomu two, 2010, karo ikanishinda tena, mjomba akanipeleka jua kali Kamukunji kugonga mabati. Boksi yangu ya kwanza ya wanafunzi kifuniko kilikataa kufunga, mjomba akainunua yeye mwenyewe, iko kwake mpaka wa leo anaweka mahindi.

Sasa sikieni vile nilianguka. Biashara ya boksi ni Januari, watoto wakienda shule za bodi. Kutoka Septemba unanunua mabati, unagonga, unapaka rangi, unaweka stoo. Mwisho wa 2024 nikaweka boksi 70, mabati mengi nimechukua kwa deni. Nikasahau kitu moja. KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, ya mwisho ilifanywa 2023, kwa hivyo fomu wani wa mwisho waliingia 2024, na Januari 2025 hakukuwa na fomu wani nchi nzima. Si ati nilifichwa, kwa redio ilikuwa ule mtaala mpya, CBC asubuhi CBC jioni, mimi nagonga tu, haikunijia kwamba hiyo CBC ni mimi. Niliuza tisa.

Stoo inataka kodi, mwenye mabati anataka pesa yake, na boksi zimeanza kushika kutu hapo kwa pembe. Nikakata ishirini nikatengeneza vyombo vya kulishia kuku, nikazungusha kwa matatu mpaka Ruiru na Juja. Iliniuma kukata kazi yangu na mkono wangu. Lakini ndiyo ililipa stoo, na sako ikanipa kidogo kwa sababu nilikuwa nimeweka akiba huko toka 2017. Hizo zingine nikapiga rangi upya. Januari 2026 wa gredi ya 10, wa kwanza wa CBC kuingia sekondari ya juu, walipoanza, zikaisha na wiki mbili.

Kasmall wa Mukuru
Yangu ni fupi. Mzee alianguka 2021, akalala hospitali siku 23. NHIF, ile bima ya hospitali ya serikali, ilikuwa 500 kwa mwezi na nilikuwa nimeacha kulipa yangu na ya mzee, niliona miaka mitatu hatujaugua nikasema hiyo ni pesa ya bure. Tukauza ng'ombe wawili na kipande ya shamba, na mwenye alinunua alikuwa ameshasikia tuna mgonjwa kwa hivyo bei alitaja yeye. Siku hizi bima ni SHA, ya chini kabisa ni 300 kwa mwezi. Nalipa hata nikilala njaa, mzee pia namlipia.

Mama Shiko, Kayole
Pole Kasmall. Baba Junior usitoke hapa, kaa na sisi.
Fundi, wangu anaingia gredi ya 10 Januari ijayo. Boksi ni ngapi?

Fundi wa Kamukunji
Kwako 2,300, kufuli ni yako.

Mama Shiko, Kayole
Kwa mpigo sina. Naweza kuwa naleta mia mbili mbili kuanzia sasa?

Fundi wa Kamukunji
Leta. Nitaandika jina yako na chaki ndani ya kifuniko.