Tupeane uzoefu: wenye muliishi inchi mbili, tatu kwenda mbele, tabia gani mulirudi nayo?

MzeeNdosho (Goma)
Jambo bandugu. Mambo ya viza na bei ya tiketi muniwekee pembeni, hizo hadithi tulishazisikia. Mimi nauliza kadogo tu: ukiishi kwa watu miaka na miaka kisha ukarudi, kitu gani kinabakiaka mwilini hata ukikifukuza?

Naanza mimi. Tarehe 17 janvier 2002 volkano ya Nyiragongo ilishuka mpaka katikati ya muji, parsele ya baba, kiwanja chenye nyumba, pale Birere ikabaki jiwe jeusi, unatembea juu yake na haujui mlango ulikuwa upande gani. Tukavuka Gisenyi, upande wa Rwanda, na godoro moja. Wengine walirudi kisha siku chache, mimi nikaendelea Kampala, nikatembeza vitenge begani miaka tano, Katwe, Makindye, Ntinda, kwa mguu. Mwezi wa pili 2008 nikafika Johannesburg nikasema sasa nimepata, mwezi wa tano moto ukaanza Alexandra, wageni wanapigwa, vibanda vinachomwa, tukalala siku mingi ndani ya kiwanja cha polisi. Kisha Ndola, Zambia, kazi ya kinyozi, hapo nilikaa vizuri kwa hiyo sina mengi ya kusema. 2019 nikarudi.

Tabia yenyewe ni kidole. Johannesburg taksi, zile basi ndogo, hauziitake kwa mdomo. Unasimama kando ya barabara unainua kidole kimoja juu, maana yake naenda katikati ya muji, ukikielekeza chini ni kusema unashukia hapahapa karibu. Mwaka ule nilikipenda sana kile kidole kwa sababu hakina aksenti. Ukifungua mdomo tu wanajua wewe si wa pale, lakini kidole changu na cha mwenye kuzaliwa Soweto vilikuwa sawa.

Basi wiki yangu ya kwanza hapa Goma nasimama pale Signers, kidole juu, natafuta usafiri. Motari watano, wale wa pikipiki za abiria, wakanizunguka, mmoja ananiuliza, "Papa, unaomba ruhusa ya kusema ao unatuonyesha avioni?" Mpaka leo mkono unapanda wenyewe.

Nani anafuata?

DadaKadutu (Bukavu)
Shikamoo mzee wetu, na pole ya parsele. Kidole kimenichekesha sana.

Mimi ni wa Uvira, tulivuka ziwa Tanganyika 1996 niko na miaka saba, tukaishia kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, nimekulia pale, halafu Kigoma mjini, halafu Dar, halafu Nairobi kidogo nasuka nywele (Nairobi ni baridi na kodi ya nyumba, basi, sina zaidi). Sasa kule Dar siku ya kwanza niko ndani ya daladala, kituo changu kimefika, napiga kelele, "Konda, nitoshe hapa!" Konda anageuka, "Nikutoshe kwani mimi gauni?" Gari zima likacheka. Sisi kutosha ni kutoa, wao kutosha ni kuenea, na hakuna mtu aliyenionya. Nikajifunza kusema "shusha", nikajifunza "naomba" mbele ya kila kitu, nikajifunza shikamoo, nikawa mtoto wa Dar kabisa. Narudi 2016, namsalimia shangazi yangu mkubwa Kadutu, "Shikamoo shangazi", akanyamaza kidogo halafu akauliza, "Nishike nini?" Tangu siku ile mtaani naitwa Mutanzania, na Dar nilikuwa naitwa Mkongo, kwa hiyo sijui hilo jina la katikati litapatikana lini.

Lakini tabia iliyobaki si maneno, ni jiwe. Kambini kwenye foleni ya maji hausimami wewe siku nzima, unaweka kidumu chako, ukikosa kidumu unaweka jiwe, na watu wanaliheshimu kama mtu. Mama alikuwa na jiwe lake refu kidogo, lenye mstari mweupe, kila mtu kwenye bomba letu alilijua. Juzi hapa Kadutu maji ya robine yamekatika, bido, ndio vidumu, zimepangwa pale chini, mimi nimechelewa, mkono ukaokota jiwe nikaliweka kwenye mstari nikaenda kupika. Narudi nakuta mama mmoja amelikalia.

ShoferiKamalondo (Lubumbashi)
Hahaha anaikala yulu ya jiwe ya mwenzake, huyo mama ni wa kweli.

Mi niko mutoto wa Kamalondo. Miaka kumi na ine nilisukuma kamiyo (lori), Kasumbalesa ku mupaka ya Zambia, Chirundu, Beitbridge mpaka Durban na kurudia, kwa hiyo mi siwezi kusema niliishi mu inchi fulani, niliishi mu barabara yao. Bukari (ugali) ni ile ile, Zambia banaita nshima, Zimbabwe sadza, Afrika ya Kusini papu, mi nakulaka tu. Kwetu tunapita kuume, ukivuka Kasumbalesa unaenda kushoto mpaka baharini, njo maana hata leo nikivuka barabara na miguu naangalia huku na kule mara tatu sawa kuku.

Lakini kile kintu kilinibakia kabisa ni usingizi. Ku Kasumbalesa mustari wa kamiyo unaweza kukamata siku mingi, unajifunza kulala umekaa, sikio moja ku moteri ya mwenzako wa mbele. Ikiwaka unaamuka, unasonga metre kumi, unazima, unalala tena. Ukikosa kuamuka, mwingine anaingia pale mbele yako na hapo hakuna cha ndugu. Sasa niliacha kazi, niko nyumbani, jirani ana moto, ile pikipiki, anawashaka saa kumi ya usiku akienda kazi. Ikiwaka tu mi mkono unatafuta ufunguo na mguu wa kushoto unatafuta ambreyaji (klachi) chini ya blanketi. Bibi yangu alishapigwa mateke mpaka sasa analala upande wa ukuta, anasema pale ndipo Zimbabwe haifikake.

MamaBarieriNdogo (Goma)
Naomba niulize, inchi tatu ni lazima? Maana mimi ni mbili lakini ni kila siku. Asubui navuka Barieri Ndogo, naenda Gisenyi kuchukua nyanya na vitunguu, jioni niko Birere nauza. Kule sashe za plastiki walizikataza tangu 2008, hapa bila sashe mteja anaondoka. Kule moto inabeba abiria mmoja mwenye kofia kichwani, hapa tuko watatu na mbuzi. Saa mbili ya asubui mimi ni mtu wa kofia na kikapu, saa kumi ya jioni ni mtu wa sashe na mbuzi.

Sasa tabia: nikiona mtu mwenye vazi la kazi anakuja, sashe inaingia ndani ya kitenge yenyewe, mimi sijafikiri hata. Juzi kanisani padri anatembea katikati kusalimia watu, nikaficha sashe ya ndizi. Ndizi za matoleo!

DadaKadutu (Bukavu)
Mama wewe una inchi ishirini, ingia tu.

Mzee Ndosho, kidole peke yake? Miaka 17 nje?

MzeeNdosho (Goma)
Sawa dada, iko ingine. Nashona pesa. Johannesburg nilijifunza, dola mia moja ndani ya lupindo ya suruali, chini pale kwa kisigino, sindano na uzi mweusi. Nimerudi nayo hivyo hivyo. Naenda kwa kambisti, mwenye kubadilisha pesa, Birere, kijana mdogo kabisa, anainyoosha, anaipigisha kidole, anaiinua kwa jua, anaangalia, anaangalia. "Papa, hii iko na tundu." Tundu gani? Akanionyesha. Nukta tatu ndogo za mwangaza kwa mstari, tundu za sindano yangu mwenyewe. Hapa kwetu dola yenye tundu ni mgonjwa, munajua. Akasema atanipa dola 80.

Bibi alinicheka, majirani walinicheka. Mai 2021 volkano imerudi tunakimbilia Sake usiku, bado wananicheka, naikimbiza ile suruali. Janvier 2025 vita imeingia muji, banki zimefunga, hakuna wa kucheka, jirani wawili walikuja na suruali zao mkononi wananiuliza uzi gani.

MamaBarieriNdogo (Goma)
Na ile mia moja, ulikubali 80?

MzeeNdosho (Goma)
Nilikataa mama. Niliirudisha nyumba nikaishona tena, lakini sasa naitia kwanza ndani ya sashe, nashona sashe.