Msaada wakuu: mbwa wa zizi anaumwa jicho, namtibuje nyumbani?

Mwana Mvomero (Jumanne, saa 1:12 usiku)
Wakuu, habari za jioni. Nina mbwa dume anaitwa Kamanda, ana miaka minne hivi, analinda mbuzi huku Dakawa. Tangu Ijumaa jicho la kushoto linatoa machozi, analifumba muda mwingi, na asubuhi linakuwa limegandana kwa matongotongo. Kula anakula. Kumfungia apumzike haiwezekani kwa sababu fisi wanapita karibu na zizi na mbwa ni huyo mmoja tu. Mganga wa mifugo yuko mbali, na kusafiri na mbwa mnajua wenyewe ilivyo shida. Naomba kujua dawa ya nyumbani ya kumsafishia likapona. Nimesikia chumvi, nimesikia pia maji ya majani ya chai. Kipi ni sahihi?

Kijukuu wa Gairo
Pole mkuu. Kwetu mbwa akiumwa jicho babu alikuwa anatafuna tumbaku anamtemea humo humo. Siku ya tatu mbwa yuko porini anakimbiza ngiri. Mmoja alibaki na doa jeupe kwenye jicho, lakini kazi alipiga hadi anakufa.

Afisa Mifugo Mstaafu
Kijukuu, hilo doa jeupe ni kovu. Mbwa wa babu yako alibaki haoni upande huo, na mkahesabu kwamba amepona. Tumbaku, majivu, sukari, chumvi ya kunyunyiza, vyote nimekuta watu wamewatia ng'ombe na mbwa machoni katika miaka yangu ya kazi, na kila mara nilikuwa natibu jicho na dawa yake ya kienyeji kwa pamoja.

Mtoa mada, nijibu haya kabla hatujaenda mbali. Ni jicho moja au yote mawili? Ukimulika tochi, kioo cha jicho ni cheusi kinang'aa au kuna ukungu? Analikwaruza kwa mguu? Na la muhimu zaidi: mpaka sasa umemtia nini?

Bibi wa Urambo
Wanangu, mnauliza jicho, mimi nauliza chanjo. Huyo mbwa amechanjwa kichaa cha mbwa? Chanjo hurudiwa, na kila mwaka tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, sehemu nyingi huchanja bure. Watu wanafuga mbwa kama wanavyofuga kuku, akiugua ndio wanakimbilia humu. Mtu anamshika mbwa mgonjwa usoni kwa mikono mitupu! Mpwa wangu aling'atwa na mbwa wa nyumbani, akasema ni wetu huyu hana neno. Tulimpeleka kwa nguvu kuchomwa sindano zote.

Mkamba wa Kitui
Hiyo ni nyoka bana. Swila. Yangu ilitemewa mate usiku kwa ghala ya mahindi, ikaja nyumbani inalia ikisugua uso kwa mchanga. Nilimwaga maji kwa macho yake kama dakika ishirini, mtungi ukaisha nikaenda kwa jirani kuongeza. Bibi yangu akaleta maziwa, nikamwambia maji tu yatosha, maziwa tunywe na chai. Asubuhi macho yalikuwa mekundu lakini yalifunguka. Siri ni kuosha mara moja, usingoje kupambazuke. Wewe umengoja siku nne, ndugu yangu, pole.

Mwana Mvomero
Asanteni wote. Bibi, alichanjwa mwaka jana. Swila sidhani, ni jicho moja tu. Ijumaa usiku aliingia kwenye vichaka vya miiba akifukuza fisi, alirudi hivyo. Afisa, kuna kama ukungu wa rangi ya buluu katikati. Nimemsafisha kwa maji ya uvuguvugu na kumtia matone kidogo ya dukani.

Mfugaji Chipukizi
Samahani nje ya mada kidogo: hao mbuzi ni wa kienyeji au chotara? Unauza?

Afisa Mifugo Mstaafu
Hayo "matone kidogo ya dukani" yana jina. Soma lebo uniandikie.

Kijukuu wa Gairo
Mpe na diklofenaki kimoja, maumivu yatulie. Mimi mgongo ukinibana hiyo ndiyo mkombozi.

Afisa Mifugo Mstaafu
Usimpe! Diklofenaki na ibuprofeni zinatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Kinachokutuliza wewe mgongo kinaweza kumuua yeye. Mtoa mada, bado nasubiri lebo.

Mwana Mvomero (Jumanne, saa 4:40 usiku)
Ni matone ya mama yaliyobaki. Alitolewa mtoto wa jicho mwezi uliopita. Lebo inasema deksamethasoni pamoja na dawa ya kuua bakteria. Kamanda anawekewa mara tatu kwa siku tangu Jumamosi. Lakini, wakuu, kabla hamjanisema: wekundu umepungua kabisa. Na kama dawa hiyo inavumiliwa na jicho la binadamu lililopasuliwa kwa kisu, itamdhuru vipi mbwa? Ndiyo maana sikuitaja, niliona inafanya kazi. Nilichotaka ni cha kusafishia tu.

Afisa Mifugo Mstaafu
Nitakueleza taratibu, maana kosa hili hata wasomi wanalifanya.

Mwiba ukikwaruza kioo cha jicho unaacha kidonda. Hakitoi damu kwa sababu kioo hakina mishipa ya damu, kwa hiyo hukioni kama unavyoona kidonda cha mguuni. Unachokiona ni machozi, kufumba jicho na baadaye ule ukungu wa buluu: maji yamepenya pale ngozi ya juu ilipotoka na kioo kimevimba. Deksamethasoni kazi yake ni kuzima uvimbe na wekundu. Inauzima kweli, ndiyo maana umeridhika. Ila inazuia kidonda kufunga na kuwapa vijidudu nafasi. Kioo kinaweza kulainika kama uji na kutoboka. Nimeona mbwa jicho jeupe tulivu Jumatatu, Alhamisi limepasuka.

Jicho la mama yako ni jambo tofauti. Daktari alilikata mwenyewe, anajua lilipokatwa, anafuatilia linavyofunga, na anataka uvimbe wa ndani ushuke. Dawa ni ile ile, jicho si lile lile.

Namna ya kujua kama kuna kidonda ni moja: kipande cha karatasi chenye rangi ya flurosini. Kinaguswa kwenye machozi, na penye kidonda panabaki kijani, hasa ukimulika taa ya buluu. Hiyo haipatikani jikoni. Tena kwa mbwa aliyeingia miibani lazima mtu atazame chini ya kope la tatu, lile linalopanda kutoka kona ya ndani, maana mbegu ya nyasi ikijificha pale utasafisha hadi mwaka kesho.

Mpaka mbwa aonwe: acha hayo matone leo usiku. Nunua dripu ya maji chumvi, ile ya asilimia 0.9, mwagia taratibu mara tatu kwa siku. Halafu dawa ya macho ya tyubu, tetrasaiklini ya asilimia 1, ipo karibu kila duka la dawa. Weka kiasi cha punje ya wali ndani ya kope la chini mara nne kwa siku. Tyubu hiyo iwe ya mbwa peke yake. Kata kitako cha ndoo kuukuu ya plastiki, mvishe shingoni asijikwaruze. Kesho apelekwe. SUA, kile chuo kikuu cha kilimo, wana hospitali ya wanyama hapo Morogoro, si safari ya Ulaya.

Mwana Mvomero
Nimekuelewa, Afisa. Lakini kumtoa usiku mmoja ni mbuzi wangapi? Naona nimalize hiyo tetrasaiklini wiki moja kwanza, isipobadilika ndiyo aende.

Bibi wa Urambo
Wiki! Mtu kaambiwa jicho litapasuka, yeye anapanga wiki.

Utingo Mstaafu
Kuhusu usafiri nisikilize mimi, nimefanya njia ya Dodoma miaka. Konda hakatai mbwa, anakataa mbwa anayetapatapa. Mtie kwenye tenga la kuku, funika na kanga, lipia kama mzigo. Au bodaboda, mtu akae nyuma amempakata kwenye gunia, kichwa nje. Asubuhi na mapema kabla jua halijawaka.

Siri ya Mtungi (Jumatano, saa 2:05 asubuhi)
Wakuu, mnachoka bure, hii chai. Wiki iliyopita huyu jamaa alifungua uzi kulalamikia foleni ya Kimara, akasema anapanga kwenye mstari kila siku saa kumi na moja alfajiri kuwahi kazini. Leo yuko Dakawa anamulika mbwa kwa tochi. Picha ameombwa? Hakuna. Lebo imechukua saa tatu kusomwa. Tena angalieni sentensi yake: "anawekewa mara tatu kwa siku". Anawekewa na nani? Mtu anayemtia dawa mbwa wake anasema namwekea.

Mfugaji Chipukizi
Duh. Ndiyo maana hakunijibu kuhusu mbuzi.

Kijukuu wa Gairo
Nilishangaa mimi. Fisi kila usiku halafu hajaliwa hata mbuzi mmoja?

Mkamba wa Kitui
Wacheni mtu ajitetee. Mimi pia siku hizi niko Nairobi na ng'ombe ziko Kitui. Si uongo.

Mwana Mvomero (Jumatano, saa 7:20 mchana)
Siri ya Mtungi umesema kweli nusu. Niko Dar. Mbwa yupo, mbuzi wapo, jicho lipo. Anayemhudumia ni mama. Mama ana simu ya kitochi, haina kamera, ndiyo maana hakuna picha. Jana niliposema nasoma lebo nilikuwa nasubiri kijana wa jirani atoke shambani amsomee.

Sikusema kwa sababu naona aibu. Baada ya upasuaji ndugu zangu walitaka mama aje akae huku hadi jicho lipone. Mimi ndiye niliyesema abaki, nani ataangalia mbuzi, na Kamanda yupo anamlinda. Sasa Kamanda mwenyewe ndiyo huyo. Mama usiku anaamka na fimbo anakaa mlangoni pamoja naye. Jana hiyo hiyo nimemwambia aache kumtia yale matone, ananiambia mbona mimi yananisaidia, nikijitia langu namtia na mwenzangu.

Nesi wa Ifakara
Subiri. Nimekuwa nasoma tu, lakini hapa naingia. Jana uliandika matone "yaliyobaki". Leo unasema anajitia lake halafu anamtia mbwa. Mama bado anatumia dawa hiyo? Chupa ni moja?

Mwana Mvomero
Ndiyo, bado anatumia, hajamaliza mwezi. Chupa ni moja.

Nesi wa Ifakara
Kaka yangu, acha kila kitu umpigie mama sasa hivi. Hiyo chupa asiiguse tena. Mdomo wake umegusa jicho lenye usaha, halafu unarudi kwenye jicho lililopasuliwa. Matone ya macho hata watu wawili hawachangii, sembuse mtu na mbwa. Vijidudu vikiingia ndani ya jicho baada ya upasuaji, uoni unaweza kupotea kwa siku chache tu.

Muulize hivi, neno kwa neno: jicho linauma? Limekuwa jekundu kuliko wiki iliyopita? Anaona pungufu kuliko alivyokuwa anaona baada ya kufunguliwa bandeji? Moja tu likiwa ndiyo, aende leo kule alikopasuliwa, asilale. Hata kama yote ni hapana, wapigie waliompasua uwaeleze wazi kilichotokea, wampe chupa mpya. Asiache dawa kimya kimya kwa uamuzi wake, maana nayo ana sababu ya kuitumia. Na anawe mikono kwa sabuni kila akitoka kwa mbwa.

Siri ya Mtungi
Mkuu, nakuomba radhi. Nilidhani natafuta mwongo.

Afisa Mifugo Mstaafu
Nami nilimuuliza umemtia nini, sikuuliza nani mwingine anaitumia. Fuata maneno ya Nesi kwanza. Mbwa aende na safari hiyo hiyo, njia ni moja. Zizi alale mtu wa jirani usiku mmoja, umlipe.

Utingo Mstaafu
Kama hakuna wa kumpakia, niandikie pembeni. Nina vijana wa bodaboda Dakawa wanaonisikiliza.

Mwana Mvomero (Alhamisi, saa 3:30 usiku)
Wakuu, niliomba ruhusa kazini nikapanda basi jana jioni. Mama alisema jicho haliumi ila "lina mchanga". Tumeenda leo asubuhi. Wamelikagua, wamempa chupa mpya na moja ya kuongezea, arudi Jumamosi. Hawakumgombeza. Mimi niligombezwa.

Kamanda alikuja na kijana wa Utingo kwenye tenga. Rangi ilibaki kijani, kidonda kipo, upana kama punje ya dengu. Chini ya kope la tatu walitoa kipande cha mwiba. Wamesema hakijatoboka, ila uoni wa hapo katikati hawaahidi. Ana dawa za wiki mbili. Zizini nalala mimi hadi Jumapili. Afisa, nimekata ndoo kama ulivyosema na ameizoea, isipokuwa inagonga bakuli hawezi kula. Mama anauliza kama amvue wakati wa chakula.

Afisa Mifugo Mstaafu
Asimvue. Sekunde moja ya kujikwaruza inatosha. Weka bakuli juu ya tofali mbili, na liwe jembamba kuliko mdomo wa ndoo.

Bibi wa Urambo
Na mama naye tofali zake ni zipi? Jumapili ukiondoka analala na nani?

Mwana Mvomero
Bibi, nimempigia dada. Anakuja Jumamosi.