Mvua za masika zinakaribia na nina laki na themanini tu. Nianze na nini?

MamaRaya_Mnyamani

Wakuu habari za jioni, na shikamoo kwa wakubwa.

Naishi Buguruni kwa Mnyamani, Dar, nyumba ya kupanga, vyumba viwili na kibaraza. Tuko wapangaji wanne, choo kimoja cha shimo nje. Mwaka jana mwezi wa nne maji yaliingia saa tisa usiku. Kilichoniamsha ni ndoo iliyokuwa inagonga ubao wa kitanda, kumbe inaelea. Kulipokucha yalikuwa magotini. Godoro la watoto likaharibika, unga wote ukalowa, sare za shule zilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda. Wiki iliyofuata mwanangu mdogo wa miaka minne akaanza kuhara, tukalala zahanati siku mbili.

Mwaka huu sitaki yanikute nimelala. Ni mwanzo wa Februari, nina 180,000 kwenye kibubu, na zamu yangu ya mchezo ikifika mwisho wa mwezi naweza kuongeza 30,000. Nauza chapati na maharage asubuhi. Mume yuko Tunduma kikazi, kwa hiyo kila kitu nakipanga mimi.

Shida ni hizi: bati linavuja sehemu tatu. Mlango uko chini kuliko njia, tangu walipomwaga kifusi mbele ya nyumba. Choo kimekaribia kujaa. Na watoto wanalalia mkeka mpaka leo, kwa hiyo nilikuwa nawaza godoro kwanza. Fundi mmoja amekuja kuangalia paa, anasema aezue upande mzima, anataka 350,000. Baba mwenye nyumba anasema nikitaka nitengeneze mwenyewe.

Naombeni mnisaidie kupanga. Nawasilisha.

FundiKenchi

Dada pole sana. Usimpe mtu hela ya kuezua kabla hujafanya hivi. Mchana jua likiwa kali ingia chumbani, funga mlango na madirisha, kaa dakika kumi macho yazoee giza, kisha tazama juu. Panapopenya mwanga ndipo penye tobo. Pawekee alama ya mkaa kwenye papi iliyo karibu, yaani ile mbao inayobeba bati. Usitegemee tone linapoangukia, maana maji huteleza juu ya papi yakadondokea mbali na tobo. Nimeshaona watu wamepaka lami mita mbili kando ya tatizo.

Nyumba nyingi nilizopanda bati halijaoza, misumari ndiyo imelegea. Mchana bati linatanuka kwa joto, usiku linajikunja, na msumari unapanda kidogo kidogo mpaka kichwa chake kinaacha nafasi. Ukiugongelea kwenye tundu lilelile utarudi kulegea. Ng'oa, weka skrubu yenye mpira, iwe nene kuliko msumari uliotoka. Tobo dogo la kutu lisugue kwa msasa mpaka ling'ae, pangusa vumbi, ziba kwa silikoni. Bati liwe kavu kabisa, ndiyo maana nakuhimiza ufanye sasa, usingoje Machi. Na anayepanda akanyage kwenye mstari wa misumari, ndipo papi ilipo. Akikanyaga katikati atakunja bati na kukuachia tobo jingine.

Kwa sehemu tatu hiyo ni kazi ya nusu siku.

Mzee_wa_Bondeni

Marahaba binti yangu.

Desemba 2011 nilikuwa Kigogo, bonde la Msimbazi. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha hapa jijini kwa mvua zile, na baadhi yetu tuliobaki bila nyumba tulipelekwa Mabwepande. Nakwambia nilichokiona kwa macho yangu: vitu tulivyovipoteza vingi vilikuwa chini ya usawa wa goti. Vilivyotundikwa ukutani vilisalimika.

Kwa hiyo godoro lisubiri. Ukilinunua leo likalala chini, Aprili utalitupa tena. Nunua kwanza bloku, mbili mbili chini ya kila mguu wa kitanda. Omba vichaga vya mbao kwa wauza soda au wenye maduka ya jumla, wakati mwingine wanavitoa kwa bei ndogo sana, panga juu yake unga, mkaa na sanduku la nguo. Vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki na kitambulisho cha NIDA vitie kwenye mfuko wa nailoni, funga mara mbili, tundika juu kwenye msumari. Soketi ya kurefusha umeme isilale sakafuni hata siku moja.

Mlangoni jenga kizingiti cha bloku, piga plasta pande zote mbili. Lakini hapo kwa Mnyamani maji ya ardhini yako juu, mvua ikikolea yanachimbuka sakafuni. Kizingiti bila kuziba nyufa za sakafu ni kufungia maji ndani. Na kabla hujajenga zungumza na majirani mzibue mtaro pamoja. Ukijikinga peke yako unamsukumia mwenzako maji, na mtu huyo ndiye utakayemgongea mlango saa tisa usiku.

Kipara_Ilala

Dada hama. Hela yote hiyo unaimwaga kwenye nyumba ya mtu.

MamaRaya_Mnyamani

Kaka, nimelipa kodi mpaka Julai, na wateja wangu wote wako hapa. Nikihama Machi naanza sifuri na watoto watatu. Nimelifikiria sana hilo.

Mzee, asante. Kuhusu sakafu ni kweli, mwaka jana maji yalitoka kwenye pembe ya chumba cha watoto kabla ya mlangoni. Sikuelewa yanatoka wapi.

NesiTandika

Mama Raya, mimi nitakung'ang'aniza choo, samahani kama nitasema kwa urefu.

Kilichomlaza mwanao zahanati huenda hakikuwa mvua yenyewe. Mvua ikipiga, kuna watu wanatapisha vyoo, wanafungulia uchafu uende na maji. Uchafu huo unapita kibarazani kwako, kwenye ndoo zako, kwenye miguu ya watoto. Kipindupindu kinapita njia hiyohiyo. Kwa hiyo choo chenu kinyonywe kabla shimo halijajaa maji, na kaeni wapangaji wote wanne mchange. Kama gari kubwa halifiki kwenye kichochoro, wapo vijana wanaonyonya kwa pampu ya mkono na kubeba mapipa kwa guta. Waulize wanamwaga wapi. Wakijibu mtaroni, waache.

Maji ya kunywa yachemshe yatokote vizuri, au tumia vidonge vya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Weka ndani pakiti chache za ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, na zinki. Mtoto akianza kuhara anza ORS nyumbani hapohapo, na mpeleke zahanati mapema ukiona macho yameingia ndani, hanywi, au kuna damu.

Jambo jingine linaniuma. Wakati wa mvua watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha, wapike au wapate joto. Mkaa unaowaka unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, mtu analala na haamki. Wewe unapika asubuhi na mapema, nakuomba upike kibarazani, hata kama ni kwa kutundika turubai.

Chandarua kipo? Na mbu wa dengue anauma mchana, tuliteseka naye 2019 hapa Dar. Anataga kwenye maji safi yaliyotulia, kwa hiyo funika mapipa, tupa makopo na matairi.

Wakili_Mtaani

Kuhusu baba mwenye nyumba: usikubali neno la mdomo. Mwandikie karatasi, kazi ni ipi na itagharimu kiasi gani, akubali kuikata kwenye kodi ya Agosti, mtie saini wote wawili mbele ya mjumbe. Tunza risiti zote. Vya kwako, kama bloku za kitanda, visimame pembeni.

FundiKenchi

Nimesahau kitu. Ukipata kipande cha gata hata cha kuokota, kifunge upande wa mlangoni. Kwanza kinaondoa maji kwenye kizingiti. Pili, milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita 40 za mraba, mvua ya milimita 20, ni lita 800, ndoo 40 hizo. Ya kufulia na kuoshea vyombo hununui. Maji ya mwanzo yaache yaoshe vumbi la bati.

MamaRaya_Mnyamani

Wakuu nimerudi, imepita wiki.

Nilifunga madirisha kama fundi alivyosema, nikaona mwanga sehemu tano, si tatu. Zote ni misumari. Skrubu, silikoni na ufundi vimekula 38,000. Baba mwenye nyumba amesaini kukata hiyo pamoja na kizingiti na sakafu, mjumbe akiwepo. Choo tumechanga 20,000 kila chumba, mpangaji mmoja alisita mpaka nilipomsomea maneno ya Nesi. Vijana wanakuja Jumamosi, na wamesema wanapeleka kwenye mabwawa ya majitaka ya Vingunguti.

Bloku nimenunua 16, vitanda vyote viwili vimepanda. Mdogo anaruka kwa shida, nimemwekea kigoda.

Mtaro tumeupanga Jumapili asubuhi, nyumba sita zimekubali kutoa mtu mmoja mmoja. Nyumba ya saba, ile ya mwisho kabla ya kalavati, ina bibi anayeishi na mjukuu tu. Mzee wa Bondeni, kwake maji yakianza tumwondoe mapema kiasi gani?

Mzee_wa_Bondeni

Msisubiri yaanze kuingia. Siku Mamlaka ya Hali ya Hewa wakitoa tahadhari ya mvua kubwa, jioni hiyo alale kwa mmoja wenu aliye juu. Kubalianeni leo ni nyumba gani, na mjukuu ajue. Zimeni meni swichi kabla ya kutoka. Njia ikiwa na maji yanayokimbia msivuke na bibi wala watoto, pigeni Zimamoto 114.

MamaRaya_Mnyamani

Atalala kwangu, kitanda kimeshapanda. Naenda kumwambia sasa hivi.