Uamuzi wa ombi la mapema umeahirishwa: afanye nini sasa?

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu aliomba mapema kujiunga na chuo kimoja cha Marekani, lakini Desemba wakamjibu kwamba uamuzi umeahirishwa na atapangwa pamoja na waombaji wa kawaida, ambao hujibiwa mwishoni mwa Machi. Atume nini cha kumwongezea nguvu?

Jibu: Ndugu yangu, kwanza aisome barua ile kwa makini, kwa kuwa baadhi ya vyuo havipokei nyaraka za ziada. Kama wanaruhusu, Januari aandike barua ya ukurasa mmoja inayoeleza kwamba bado anakitaka chuo hicho, kisha ataje tu yaliyotokea baada ya kuomba, kama vile alama za muhula au klabu ya sayansi anayoiongoza kuanza kufundisha shule ya msingi ya jirani. Asirudie insha aliyoituma pamoja na ombi.

Jibu: Mwalimu mshauri naye atume ripoti ya nusu mwaka, yaani yenye alama zake mpya; kwa maoni yangu ina uzito kuliko barua ya sifa kutoka kwa mkubwa asiyemfahamu mtoto.

Jibu: Kama aliomba kwa sharti la kujifunga, yaani aliahidi kwamba akikubaliwa lazima ajiunge na chuo hicho, kuahirishwa kunamwondolea ahadi hiyo, kwa hiyo akamilishe maombi ya vyuo vingine, pamoja na fomu za msaada wa ada.